Draiva ya michoro kwenye laptopu yenye kufuli la mtengenezaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaouliza maswali haya wana mashine za kufanana: HP EliteBook, Dell Latitude au Lenovo ThinkPad iliyotumika Ulaya au Dubai, ikaingia Kariakoo au katikati ya Nairobi, ikauzwa ikiwa bado na nguvu zake. Siku ya kwanza kila kitu shwari. Siku ya pili gemu au programu ya kuhariri video inadai draiva mpya ya michoro, yaani programu inayoiwezesha Windows kuiongoza chipu inayochora picha. Mwenye mashine anakwenda kuipakua, na mashine inaikataa. Hilo ndilo kufuli.

Majibu yanahusu Windows 10 na 11, isipokuwa pale nilipotaja Linux. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye kioo, maana Windows za wengi wetu ni za Kiingereza.

Je, ni lazima nisasishe draiva ya michoro?

Hapana. Kama video zinacheza, projekta inashika, mashine inalala na kuamka bila kuganda, iache. Draiva ya michoro si kama programu ya kuzuia virusi inayotaka chakula kipya kila siku. Sababu za kweli za kuisasisha ni chache: programu unayoitumia imekataa kufunguka mpaka uwe na toleo fulani, kioo kinawakawaka au kinaonyesha mistari, mashine inaganda ukichomeka waya wa HDMI, au mtengenezaji ametangaza tundu la usalama kwenye toleo ulilonalo. "Nimeona kuna toleo jipya" si sababu.

Nimepakua draiva kutoka Intel, nikaambiwa "not validated for this computer". Nimekosea wapi?

Hujakosea. Huo ndio ujumbe maarufu kuliko yote katika habari hii. Unasema draiva hiyo haijathibitishwa kwa kompyuta yako, kachukue ya mtengenezaji wa kompyuta, halafu kisakinishi kinajifunga. Kwa miaka mingi Intel ilitoa draiva za jumla, lakini kisakinishi chake kilipokuta draiva iliyorekebishwa na HP au Dell, kilijiondokea.

Mwaka 2020 mambo yalibadilika. Kuanzia toleo 26.20.100.8141, draiva za Intel za muundo mpya unaoitwa DCH zilifunguliwa. Mwenye prosesa ya kizazi cha 6 kwenda juu akaweza kuweka draiva ya Intel juu ya ile ya mtengenezaji, na kurudi nyuma akitaka. Kwa hiyo ukiuona ujumbe ule leo, uliza kwanza umepakua nini. Mara nyingi mtu kachukua kifurushi cha zamani kwenye tovuti ya kubahatisha, au mashine yake ni ya kizazi cha 4 au cha 5, ambako kufuli halikuwahi kufunguliwa.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo. Mwaka 2022 Intel ilizitenga prosesa za kizazi cha 6 hadi cha 10, zikawa na kifurushi chao mbali na cha mashine mpya. Ukipakua cha kizazi cha 11 na kuendelea, ukakiweka kwenye i5 ya kizazi cha 7, kitakataa pia, na hapo hakuna kufuli la mtu yeyote. Kizazi kinasomeka kwenye jina la prosesa: i5-6300U ni cha 6, i7-8550U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11.

Kwa nini mtengenezaji afunge? Si hila tu ya kutufanya tununue mashine mpya?

Hila ipo kiasi, sitakataa. Mtengenezaji akishauza mashine hana haraka ya kuihudumia, na laptopu nyingi hubaki na draiva ya mwaka ule zilipotoka mpaka zinakufa. Lakini kufuli halikuwekwa kwa uchoyo mtupu.

Chipu ya michoro ndani ya laptopu haikai peke yake. Draiva hiyo ndiyo inayopandisha na kushusha mwanga wa kioo unapobonyeza kitufe cha Fn. Ndiyo inayojua kioo hiki kinawashwa kwa mpangilio gani baada ya usingizi, sauti ipite wapi ukichomeka runinga, na ni kioo kipi kiitikie ukiiweka mashine kwenye doki ya ofisini. HP au Dell wanaichukua draiva ya Intel, wanaifanyia marekebisho ya ubao wao, wanaijaribu, kisha wanaisimamia. Mteja akiweka ya jumla mwanga ukagoma, simu itapigwa kwao na si kwa Intel. Wakaona bora wafunge mlango.

Ndiyo maana ufunguzi wa 2020 uliwezekana tu baada ya muundo kubadilika. Katika DCH, marekebisho ya mtengenezaji yamewekwa kwenye faili yake ya pembeni, na draiva ya msingi inabaki ya Intel. Ukibadilisha ya msingi, yale ya mtengenezaji hayaguswi. Kwenye draiva za zamani vyote viwili vilikuwa vimefumwa pamoja, na kubadilisha kimoja kulimaanisha kukifuta kingine.

Kufuli lenyewe liko wapi? Ninaweza kuliona?

Unaweza. Fungua "Device Manager", panua "Display adapters", bofya mara mbili jina la chipu, nenda "Details", na kwenye orodha ya juu chagua "Hardware Ids". Kwenye EliteBook 840 G3, kwa mfano, utakuta mstari wa namna hii:

PCI\VEN_8086&DEV_1916&SUBSYS_8079103C

Usome kipande kwa kipande. VEN ni aliyetengeneza chipu: 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. DEV ni chipu yenyewe, na 1916 ni Intel HD Graphics 520. SUBSYS ndiyo yenye siri. Herufi nne za mwisho ni mtengenezaji wa laptopu: 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo, 1043 ni Asus, 1025 ni Acer. Nne za mbele yake ni ubao wa modeli hiyo.

Kila draiva huja na faili ya maandishi yenye mwisho wa .inf, na ndani yake kuna orodha ya mistari kama huo. Draiva ya mtengenezaji hutaja mstari mzima pamoja na SUBSYS. Ya jumla hutaja VEN na DEV tu. Windows inapochagua kati ya draiva mbili zilizosainiwa sawasawa, huanza na ile inayoitambua mashine kwa ukaribu zaidi, na tarehe huangaliwa baadaye. Ndiyo maana draiva ya HP ya 2017 inaweza kuishinda ya Intel ya 2021 bila wewe kugusa chochote. Ukishalielewa hili, vituko vingi vya draiva havikushangazi tena.

Nitajuaje nina draiva gani sasa hivi?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha fungua kurasa za "Display". Hapo kuna jina la chipu, toleo la draiva na tarehe yake. Yanakili mahali kabla ya kubadilisha kitu.

Wenye NVIDIA huchanganyikiwa, maana Windows inaonyesha namba kama 31.0.15.3742 na tovuti ya NVIDIA inataja 537.42. Ni kitu kilekile. Chukua tarakimu tano za mwisho, 5 na 3742, weka nukta kabla ya mbili za mwisho.

Nianze na tovuti ya mtengenezaji wa laptopu au ya mtengenezaji wa chipu?

Anza kwa aliyetengeneza laptopu, hata kama unajua draiva yake ni ya zamani. Andika namba ya mashine: Dell huiita Service Tag, na kwa HP au Lenovo tumia namba ya kiwandani (Serial Number) iliyo chini ya mashine. Kama kibandiko kimekwanguka, jambo la kawaida kwa mashine za mtumba, fungua PowerShell uandike:

Get-CimInstance Win32_BIOS

Namba itatokea kwenye mstari wa SerialNumber. Angalia draiva ya mwisho waliyoitoa. Kama ni mpya kuliko yako, weka hiyo na ujaribu tatizo lako. Kwa uzoefu wangu hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia, maana muuzaji aliweka Windows upya na kuiacha ijitafutie draiva yenyewe, na mashine haijawahi kuonja ile ya mtengenezaji.

Ikishindikana, nenda Intel, AMD au NVIDIA. Intel ina programu yake, Driver & Support Assistant, inayosoma mashine na kukuletea kifurushi sahihi. Ikikuambia una draiva iliyorekebishwa na mtengenezaji, inakutahadharisha tu. Kuendelea ni hiari yako.

Nifanye nini kabla ya kugusa chochote?

Hifadhi draiva zote ulizonazo. Watu wachache wanajua kwamba Windows ina amri ya kazi hiyo. Tengeneza folda, tuseme D:\draiva, fungua "Command Prompt" kwa haki za msimamizi, andika:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Itakunakilia kila draiva iliyoongezwa kwenye mashine: ya michoro, ya sauti, ya Wi-Fi, zote. Ihamishie folda hiyo kwenye flashi. Ikitokea balaa, hutahitaji intaneti kurudi ulipokuwa. Ni amri ambayo kila muuzaji wa laptopu za mtumba angepaswa kuipiga kabla ya kufuta diski ya mashine iliyokuja na Windows ya kiwandani, na ni wachache wanaofanya hivyo.

Kisha tengeneza "restore point" (kumbukumbu ya hali ya Windows unayoweza kuirudia), chomeka chaja, na kama mashine imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la diski la Windows, hakikisha una ufunguo wa urejeshaji. Mara nyingi ufunguo huo umo kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mashine mara ya kwanza.

Kuna video nyingi zinazofundisha kuweka kwa "Have Disk". Nifuate?

Angalia tarehe ya video kwanza. Njia yenyewe ni hii: unapakua draiva ya Intel kama faili ya zip, unaifungua, unaingia "Device Manager", "Update driver", "Browse my computer", "Let me pick", kisha "Have Disk", na unaielekeza Windows kwenye faili ya .inf. Hivyo unakipita pembeni kisakinishi, na yule anayekagua mlangoni hakuoni. Enzi za Windows 7 na 8 ilikuwa mbinu halali ya mafundi, na kwa mashine za kizazi cha 4 na cha 5 bado inafaa.

Kwa mashine za kizazi cha 6 kwenda juu imepitwa na wakati, na ina hatari. Draiva za DCH hazikai kwenye faili moja. Kisakinishi kinaondoa mabaki ya muundo wa zamani, kinaweka vipande kadhaa na kuviunganisha. Ukiruka kisakinishi ukachomeka .inf ya DCH juu ya draiva ya muundo wa zamani, unabaki na nusu ya hii na nusu ya ile. Intel yenyewe ilionya kwamba kufanya hivyo kunaweza kuyumbisha mfumo mzima. Dalili zake ni za kuudhi kwa sababu haziji siku hiyohiyo: mashine inaganda ikitoka usingizini, paneli ya mipangilio ya Intel haifunguki, sauti ya HDMI inatoweka. Tangu 2020 faili ya .exe inafanya kazi bila ubishi. Hakuna haja ya kuzunguka nyuma ya nyumba wakati mlango uko wazi.

Na kuhariri faili ya .inf, kuongeza mstari wa mashine yangu?

Hiyo ni mbinu ya zamani zaidi. Mpaka mwishoni mwa 2008, NVIDIA haikuwa inatoa draiva za laptopu moja kwa moja kwa watumiaji. Ulisubiri mtengenezaji wako, na wapenzi wa gemu waliishi kwa .inf zilizohaririwa na watu wa kujitolea.

Leo gharama yake ni kubwa. Draiva huja na faili ya .cat yenye saini inayolinda kila herufi ya .inf. Ukiongeza hata mstari mmoja, saini inavunjika na Windows inaikataa. Kuilazimisha kunataka uwashe upya huku umeshika Shift, upite "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", halafu ubonyeze 7, na ruhusa hiyo inadumu kwa kuwaka kule kumoja tu. Wenye BitLocker wanaweza kuombwa ufunguo papo hapo. Wanaoamua kuzima ukaguzi wa saini moja kwa moja hugundua baadaye kwamba gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu hazifunguki. Kama mashine ni ya kazi, sikushauri.

Laptopu yangu ina kadi mbili, Intel na NVIDIA. Nisasishe ipi?

Hapa twende polepole. Kwenye mfumo wa Optimus, ambao NVIDIA iliuleta mwaka 2010, laptopu nyingi zimeunganishwa hivi: kioo kimeshikana na chipu ya Intel tu. NVIDIA inapochora gemu, picha iliyokamilika inanakiliwa kwenye kumbukumbu ya Intel, na Intel ndiyo inayoipeleka kwenye kioo. Kwa hiyo kila picha unayoiona imepita mikononi mwa draiva mbili. Moja ikiyumba, utailaumu nyingine bure.

Ndiyo maana mtu anasasisha NVIDIA mara tatu na kioo bado kinawakawaka. Tatizo lilikuwa Intel. Utaratibu ninaoufuata: Intel kwanza, washa upya, kisha NVIDIA, washa upya. Kwa Intel heshimu zaidi toleo la mtengenezaji wa laptopu. Kwa NVIDIA chukua ya kwao wenyewe bila woga, kwa kuwa siku hizi draiva yao inazikubali karibu laptopu zote ambazo chipu yake bado inahudumiwa.

Neno "bado" lina uzito. Chipu za Maxwell na Pascal, ambamo zimo 940MX na MX150 zilizojaa kwenye laptopu zetu, zilipata draiva yao ya mwisho ya gemu Oktoba 2025. Kinachofuata ni marekebisho ya usalama tu, hadi Oktoba 2028. Ukiwa na MX150, usikimbizane na namba mpya. Tawi lako, yaani mfululizo wa matoleo utakaobaki nao, ni la 580.

Kama "Device Manager" haionyeshi NVIDIA kabisa, angalia kama imezimwa kwenye BIOS (programu ya ubao inayoamka kabla ya Windows) kabla ya kupakua chochote.

Na wenye AMD?

Hali yao ni nzuri kuliko zamani. Enzi za Catalyst, jina la zamani la draiva za AMD, draiva yao kwa laptopu ilitamka wazi kwamba haihusiki na Toshiba, Sony VAIO wala Panasonic. Laptopu za kwanza za Ryzen nazo ziliachiwa watengenezaji, wengi wao wakalala, na watu wakakaa na draiva za mwaka mzima nyuma. Februari 2019 AMD ilitoa toleo 19.2.3 lililozikubali, na tangu hapo unapakua kwao moja kwa moja. Epuka kuchanganya: ukishaweka ya AMD, usiruhusu programu ya mtengenezaji wa laptopu ikurudishe nyuma kimyakimya.

Nimeweka draiva mpya, kesho yake Windows imerudisha ya zamani. Kwa nini?

Rudi kwenye habari ya SUBSYS hapo juu. Windows Update ina ghala la draiva za watengenezaji. Ikiona ya HP inayotaja mashine yako kwa jina, inaihesabu kuwa bora.

Kwenye Windows za Pro, fungua gpedit.msc, fuata "Computer Configuration", "Administrative Templates", "Windows Components", "Windows Update", utafute "Do not include drivers with Windows Updates" na uiwashe. Kwenye Home, Microsoft ilitoa kifaa kidogo kiitwacho wushowhide.diagcab kinachoficha sasisho moja unalolitaja. Kutia alama ya "metered connection" kwenye Wi-Fi yako pia kunasaidia kuzuia draiva zisijipakue, na kunaokoa bando.

Kumbuka ukizima draiva za Windows Update umezima zote, hata za printa. Siku ukichomeka kifaa kipya kikagoma, anza kutafuta hapo.

Kioo kimekuwa cheusi katikati ya kusakinisha. Nimeua mashine?

Ni nadra sana. Kioo kuzimika sekunde kadhaa ni kawaida, draiva ya zamani inatoka na mpya inaingia. Subiri dakika tano bila kugusa kitufe cha kuwasha. Kisha bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Mashine itapiga mlio mfupi na kuianzisha upya draiva. Bado giza? Chomeka runinga au kioo cha nje. Picha ikitokea huko, mashine ni nzima na draiva haijakitambua kioo cha ndani.

Ikishindikana yote, zima kwa kushikilia kitufe, iwashe, izime tena alama ya Windows inapotokea. Rudia mpaka ikuletee ukurasa wa kujirekebisha. Pita "Startup Settings", chagua 4 uingie "Safe Mode". Humo Windows inatumia draiva yake ya msingi, kila kitu kitakuwa kikubwa na kizito lakini utaona. Nenda "Device Manager", "Properties" za chipu, "Driver", "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, maana yake hakuna ya zamani iliyohifadhiwa. Tumia "restore point" au ile folda ya pnputil uliyoitengeneza.

Fundi anasema lazima nitumie DDU kila ninaposasisha.

Si lazima. Display Driver Uninstaller ni programu nzuri ya bure, inafuta draiva ya michoro hadi mizizi, na hutumika ndani ya "Safe Mode" intaneti ikiwa imekatwa. Inafaa unapobadili muundo, au draiva inapokwama nusu. Kwa sasisho la kawaida ni kazi ya ziada, na kwenye laptopu ina ubaya wake: inaweza kukuondolea marekebisho ya mtengenezaji ambayo huna pa kuyapata tena.

Vipi programu zinazotafuta draiva zote zenyewe?

Kwa michoro, hapana. Nyingi huangalia VEN na DEV na kuipuuza SUBSYS, yaani zinaupuuza ule mstari uliotupa shida tangu mwanzo. Nyingine hukuletea kivinjari na "kisafisha kompyuta" ambavyo hukuviomba.

Bando langu ni dogo. Kuna njia?

Kifurushi cha NVIDIA au Intel kinaanzia mamia ya megabaiti, vingine vinapita gigabaiti moja, kwa hiyo hakikisha unapakua sahihi mara ya kwanza. Andika Hardware Ids kwenye karatasi au ipige picha kwa simu, nenda penye Wi-Fi, pakua kwa mashine yoyote, leta kwa flashi. Draiva za mtengenezaji wa laptopu mara nyingi ni ndogo zaidi.

Laptopu yangu ilikuwa ya kampuni. Inasema mipangilio inasimamiwa na shirika, na draiva inakataliwa na sera ya mfumo.

Hicho ni kizuizi kingine kabisa. Hakimhusu HP wala Intel. Ni idara ya kompyuta ya kampuni iliyokuwa na mashine hiyo. Kama ni sera iliyobaki kwenye Windows ya zamani, kuweka Windows upya kunaiondoa. Lakini ikiwa baada ya kuweka upya na kuunganisha intaneti inakuletea ukurasa wa kuingia wenye jina la kampuni, mashine bado imesajiliwa kwao, na ni wao tu wanaoweza kuiondoa. Irudishe kwa aliyekuuzia. Usimlipe mtu wa kuikwepesha. Itarudi palepale, na huenda haikutoka huko kihalali.

Mashine yangu ni ya Intel HD 3000. Nifanyeje Minecraft ifunguke?

Kwa matoleo mapya, kwenye Windows haitafunguka. Tangu toleo 1.17 Minecraft ya Java inadai OpenGL 3.2 (OpenGL ni lugha ambayo gemu huitumia kuiagiza chipu ichore), na draiva ya Windows ya HD 3000 inaishia 3.1. Intel haikuitengenezea chipu hiyo draiva rasmi ya Windows 10. Kwenye Linux chipu hiyohiyo hufika 3.3. Cheza 1.16, au ijaribu mashine kwa Linux.

Linux nayo ina kufuli hili?

Haina. Draiva za Intel na AMD zimo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) na maktaba ya Mesa, zinasasishwa pamoja na mfumo, na hakuna anayeuliza laptopu ni ya nani. NVIDIA unaichukua kwenye ghala la usambazaji (distro) wako. Ukiwa umewasha Secure Boot, ukaguzi wa saini wakati wa kuwasha mashine, utaombwa kusajili ufunguo wakati wa kuwasha upya, usiuruke ukurasa huo wa buluu.

Nisasishe BIOS pia?

Ikiwa tu maelezo ya toleo yanataja tatizo lako. Draiva ikikatika katikati unarudi nyuma. BIOS ikikatika katikati, unaweza kuhitaji fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu. Betri ijae na chaja iwe imechomekwa, maana umeme wetu unajulikana.

Nimefanya yote, draiva ni mpya, gemu bado linakwama.

Fungua "Task Manager", "Performance", "Memory", usome "Slots used". Chipu za michoro zilizo ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yao, zinakopa RAM ya mashine, na kasi ya RAM ndiyo kasi yao. Laptopu nyingi za mtumba huuzwa na kijiti kimoja cha gigabaiti 4 au 8 katika nafasi mbili. Kijiti kimoja kinapitisha data kwa njia moja. Viwili vinavyofanana vinafungua ya pili. Kwenye HD 520 au 620 mabadiliko hayo unayaona kwa macho, zaidi ya draiva yoyote niliyowahi kuweka. EliteBook 840 G3 ina nafasi mbili na inatumia DDR4. Mpe muuzaji aina na kasi ya kijiti ulichonacho, akutafutie mwenzake, na umwombe akiweke mbele yako uhesabu tena "Slots used" kabla ya kulipa.